Mafuta ya Alizeti Kwenye Redio

Harufu ya mafuta ya alizeti yaliyochacha bado hunitia kichefuchefu. Nilikulia nayo Kizota, ambako baba alifanya kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti, akirudi jioni shati limeloa na kunata. Mafuta hayo kwake yalikuwa dawa ya kila kitu. Bawaba ikilia, mafuta. Visigino vikipasuka, mafuta. Sikio likiniuma, mafuta ya moto yaliingia humo bila mimi kuulizwa. Kwa hiyo redio kaseti yetu ilipoanza kukwaruza, msimu ule wa kiangazi baada ya mama kufariki, baba hakuwaza mara mbili. Alifungua mlango wa kaseti akamimina.

Ndani ya redio ilikuwamo kaseti ya mama. Siku zile ndugu walitumiana salamu kwa kaseti, na mama alikuwa amejirekodi kwa Kigogo kumsalimia bibi kule Zuzu. Aliuliza habari za uwele na za mbuzi, akacheka, halafu katikati akanikemea mimi niache kuwafukuza kuku wa watu. Baada ya mazishi bibi aliturudishia. Nyingine haikuwapo, na kila nikitoka shule niliisikiliza, hasa pale pa kuku.

Mafuta yalikutana na vumbi la Dodoma yakawa ulimbo. Mende wakahamia. Mkanda ukajiviringisha kwenye kigurudumu cha mpira, kitufe cha kaseti kikang'ang'ania chini, na kwa kuwa kitufe hakipandi, redio nayo ikawa bubu. Tuliipeleka kwa fundi, Mrangi mmoja wa Kondoa aliyekuwa na kibanda jirani na mashine. Alipofungua kifuniko, mende walimwagika mezani, wengine wazima, wengine wamegandia kwenye uji wa kahawia unaonuka kama sufuria iliyosahaulika. Fundi aliziba pua kwa kanzu. Niliona utepe wa mama umezama humo.

Fundi alisema mkanda unaweza kutoka mzima, ila lazima aisafishe redio kwa spiriti na kuukunjua taratibu. Redio ibaki kwake mpaka kesho kutwa. Haraka haraka haina baraka. La sivyo aukate, redio iseme jioni hiyohiyo.

"Kata," baba alisema. "Leo kuna mpira."

Fundi alishika wembe lakini hakukata. Aliuliza kama kuna sauti ya mtu humo.

"Nyimbo tu za zamani," baba alijibu.

"Ni mama," nikasema.

Baba aliniambia mtoto haingilii maneno ya wakubwa. Fundi alinitazama, akamtazama mwenye redio, akakata. Vipande alivitoa kwa koleo, vinachuruzika, akavitupa kwenye kopo la takataka pamoja na mende. Nilitapika mlangoni pa kibanda. Baba alimwambia fundi kwamba nimekula maembe mabichi. Jioni alikaa uani na redio yake mapajani, anapiga makofi, na mechi yenyewe ikaisha sare, bila bao. Nilimchukia, na sina neno jingine la kulipamba hilo.

Siku hizi baba anaishi kwangu, upande wa Chimwaga. Hachoki kujirekodi kwenye simu. Kutwa anawatumia wajukuu salamu ndefu, kikohozi na yote, na zote zinahifadhika zenyewe bila mtu kuzihangaikia. Namtunza, namwamkia kila asubuhi, ila mafuta ya alizeti hayaingii jikoni kwangu.

Juzi alikuwa ananyoosha miguu juani, akaniita.

"Mwanangu, hivi mama yako alikuwa na sauti ya namna gani? Najaribu kuikumbuka, haiji."

Nilimtazama usoni nikitafuta kama anakumbuka kile kibanda. Hakuwa anakumbuka chochote.

"Hata mimi siikumbuki, baba," nilimjibu, na huo ulikuwa ukweli.