Kitasa cha Mwalimu

Fundi vitasa wa mtaa wetu tulimwita Redio, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini. Ukimpelekea ufunguo wa kuchonga, unarudi na ufunguo, na habari za ufunguo, na nyumbani chakula kimeshapoa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa na swichi tu.

Siku waliyomkamata alikuwa anamweleza mteja tofauti ya kitasa cha shaba na cha bati. Polisi wawili wakasubiri amalize, wakaona hamalizi, wakamshika.

"Nyumba ya Mwalimu imevunjwa," mmoja akasema. "Televisheni imebebwa, pasi imebebwa. Kitasa kile ulikifunga wewe juzi. Twende."

Redio hakuogopa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alijua hajaiba, kwa hiyo akaona atawaeleza, wataelewa, watamwomba radhi, pengine na chai watamnunulia. Jamani! Mtu mzima na mvi zake. Kwenye gari akaeleza njia nzima, mpaka jinsi ambavyo yeye angeweza kuingia nyumba ile kwa kipande cha waya bila kuacha hata alama. Polisi aliyekaa naye alikuwa anaitikia, "Enhe? Enhe?" kwa upole kabisa.

Bahati yake dada yake alizaa wakili. Binti alifika kituoni na kandambili, mikono ina povu la sabuni, akadai kuonana na mjomba wake faragha. Wakapewa benchi la uani.

"Shikamoo, Mjomba. Umewaambia nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kila kitu."

Mpwa akafumba macho kidogo.

"Sasa nisikilize. Wanakushuku kwa kuvunja nyumba na kuiba. Hizo bado ni tuhuma. Mashtaka utasomewa mahakamani, na huko kazi ya kuthibitisha ni yao, siyo yako. Kuanzia sasa wape jina lako na unapokaa, basi. Wakikuuliza lingine, sema utajibu wakili wako akiwepo. Karatasi ambayo hujaisoma usiitie sahihi, hata wakikuchekea. Mimi naenda kuhangaikia dhamana."

"Lakini mimi sijaiba!"

"Najua. Mwizi angekuwa ameshanyamaza zamani."

Alipoondoka tu, mpelelezi akaja na kitasa cha Mwalimu, akakibwaga kwenye benchi. Kilikuwa kimetiwa mtaimbo. Uso umepinda, ulimi umechomoka, vipande vya mbao bado vimeng'ang'ania skrubu.

"Kazi yako hii?" akauliza. "Kumbe na wewe unajiita fundi, halafu unafungua mlango kama mtu anapasua kuni."

Katika maisha yote ya Redio hakuna aliyewahi kumtukana hivyo. Akafungua mdomo, akaufunga, akaikalia mikono yake miwili isije ikajibu yenyewe.

"Nitajibu wakili wangu akiwepo," akasema, jasho likimtiririka.

Dhamana ilipatikana, ila mpwa alimpiga marufuku kuizungumzia kesi na mtu yeyote, kinyozi akiwemo. Sisi nasi hatukumhurumia. "Redio, siku hizi unatumia mtaimbo? Uzee huo!" Yeye anachonga tu. Wateja wakapungua, na wachache waliobaki wakala chakula cha moto.

Baadaye televisheni ikakamatwa kwa jamaa mmoja wa mtaa wa mbali, na mtaimbo wake ukiwa uvunguni. Upande wa mashtaka ukaondoa kesi, hakimu akamwambia Redio aende zake. Alipotoka nje akamuuliza mpwa wake, "Sasa naruhusiwa kusema?"

"Sema, Mjomba. Sema mpaka koo likauke."

Badala ya kusema, akalia. Mahabusu haikumuuma sana, wala masihara yetu. Kilichomuuma ni Mwalimu, ambaye yeye Redio alimchongea funguo tangu ameolewa, na ambaye hata siku moja hakuja kumuuliza, "Fundi, ni wewe?"

Akachukua kitasa cha shaba, kizuri kuliko vyote dukani, akaenda. Mwalimu alifungua mlango nusu, akasimama pale pale penye nusu.

"Nimesikia wamekuachia."

"Wameniachia, Mwalimu. Nimekuletea kitasa. Nakufungia bure."

"Asante, fundi. Nimeshafungiwa. Nilimwita yule wa mtaa wa pili."

Redio akakitazama. Kilikuwa kimefungwa juu chini, kinacheza, mtoto angekifungua kwa mpini wa kijiko. Maneno yakamjaa mdomoni. Lakini kueleza kasoro ya kitasa ni kueleza kinavyofunguka, na hilo alishalieleza mara moja, kwenye gari la polisi. Mwalimu alikuwa anamwangalia mikono.

"Kiko sawa," Redio akasema, akaaga, akarudi na chake.