Nicanor na Nyar Lambwe

Ukifika Rodi Kopany ukaulizia fundi wa kuchimba choo, utaelekezwa kwa Nicanor, na atakayekuelekeza atakuongezea onyo bila kuombwa: usiingie sebuleni kwake bila kubisha hodi, kuna mnyama. Mnyama mwenyewe ni buibui. Usimfikirie yule mwembamba wa darini anayetimua mbio ukipitisha ufagio. Huyu ni mkubwa kama kiganja cha mtoto, ana manyoya ya rangi ya kutu, anaishi shimoni, na ufagio ndio anaoukimbilia.

Nicanor alimpata huko bonde la Lambwe mwaka juzi, alipokuwa akichimba choo cha mwalimu mmoja. Sululu ilibomoa ukingo wa shimo la buibui, naye badala ya kukimbia akatoka nje, akasimama kwa miguu ya nyuma, akainua ya mbele, akaonyesha meno mawili meusi na kutoa sauti kama ya mafuta yanayokaanga samaki. Vibarua wakasema apondwe. Nicanor akainama akalitazama lile shimo. Lilikuwa la mviringo safi, na kuta zake zimepakwa utando mpaka chini ili udongo usiporomoke. Alikuwa amechimba miaka thelathini na hajawahi kuona kazi safi namna ile.

"Huyu ni fundi," akasema. "Fundi hapondwi."

Akampeleka nyumbani ndani ya ndoo ya rangi. Sasa yule buibui anakaa kwenye nusu ya pipa la bluu lililojazwa udongo wa kwao, limefunikwa wavu wa waya, kando ya kiti cha Nicanor. Anakula panzi na mende. Nicanor humwita Nyar Lambwe, yaani binti wa Lambwe, kama wanawake wa huku wanavyoitwa kwa jina la walikotoka. Celestine, binti yake wa pekee, ambaye ana duka la vitambaa Migori na huja kumwona Jumamosi, humwita mama wa kambo. Mamake mzazi alishafariki zamani, kwa hiyo utani huo hauna wa kumuudhi.

Na mama wa kambo huyo alikuwa mkali kweli. Miaka miwili amelishwa, hajawahi kusema ahsante. Ukimsogezea kwa kijiti maji ndani ya kifuniko cha soda, anakishambulia kijiti hicho. Jerusha, jirani, alikuja siku moja na wanamaombi wenzake, wakaliombea pipa wakiwa mlangoni. Walipofika kwenye amina, Nyar Lambwe akatoka akasimama wima, meno nje.

"Wuon Celestine," Jerusha akamwita, yaani baba Celestine, akirudi nyuma, "hii kitu imekataa Yesu."

"Imekataa kelele, mama," Nicanor akajibu.

Alimpenda, basi. Kila jioni aligonga pipa kwa ukucha mara mbili, na Nyar Lambwe akachomoka shimoni kwa hasira zake zote. Hapo Nicanor alicheka peke yake, akaenda kula.

Kugonga huko hakukuanzia kwa buibui. Nicanor alichimba miaka kumi na mmoja na mtu aliyeitwa Ogeto, na sheria yao ilikuwa moja: aliye juu hugonga ndoo kwa jiwe mara mbili, aliye chini hujibu. Siku moja huko Sori, kwenye udongo wa mchanga wa ufuoni, Nicanor aligonga na Ogeto hakujibu. Ukuta ulikuwa umemshukia, na hakutolewa hai. Tangu siku ile kila kibarua anayefanya kazi na Nicanor huambiwa neno hilohilo asubuhi kabla ya kushika sululu: shimo likinyamaza, usiulize, chimba. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mvua ilipoanza, Nyar Lambwe alikataa mende. Wiki ikapita, akakataa na panzi. Kisha akaziba mdomo wa shimo kwa udongo na utando, ukawa kama kifuniko. Nicanor akagonga. Kimya. Kesho yake akagonga tena. Kimya. Siku ya tatu, Jumamosi, aliona udongo umebonyea upande mmoja wa pipa.

"Ameporomokewa!"

"Baba, si ungoje kidogo?" Celestine alisema. "Labda amelala tu."

"Singoji!"

Celestine hakuwahi kusikia baba yake akipaza sauti hivyo. Nicanor alipiga magoti, akachimba kwa kijiko, kisha kwa vidole, akisahau kabisa meno ya yule anayemtafuta. Alimkuta chini kabisa, juu ya kitanda cha utando, amelala chali, miguu juu. Akamgusa kwa kijiti. Yule ambaye hakuwahi kuvumilia kuguswa na chochote hakutikisika. Nicanor akaketi sakafuni, machozi yakamtoka mbele ya binti yake.

"Pole, Baba," Celestine akasema. "Wacha nimtupe huko nje."

"Hatupwi."

"Basi tumzike sasa hivi, kuku wasimuone."

"Nani huku kwetu huzikwa siku aliyokufa?" Nicanor akauliza. "Hata mtu wa hospitali huletwa, analala kwake kwanza. Huyu pia atalala. Kesho nitamchimbia."

Celestine alitaka kucheka, akamwangalia usoni, akaacha. Wakamrudishia wavu, wakafunika pipa kwa leso. Walipokuwa wakinywa chai, Nicanor akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Ogeto hakujibu, mimi nikangoja. Kama dakika kumi hivi, nyathina, mwanangu. Alikuwa anapenda sigara. Nikasema, wacha mzee avute."

"Lakini watu wote husema ulimchimba na mikono mpaka kucha zikatoka."

"Hiyo ni baada ya kungoja."

Celestine akamshika mkono, ule wenye kucha zilizoota vibaya, akaushikilia mpaka chai ikapoa.

Asubuhi Celestine ndiye aliyeinua leso, na ukelele wake ulimtoa Jerusha kwao. Ndani ya pipa mlikuwa na buibui wawili. Mmoja alikuwa ganda tupu, limepasuka mgongoni. Wa pili alikuwa kando yake, mweupe, laini, na mguu mmoja umepinda pale kijiko kilipompata. Alikuwa akijinyoosha polepole.

"Baba!" Celestine akalia na kucheka kwa pamoja. "Mama wa kambo alikuwa anabadilisha nguo! Na wewe ukamvunjia mlango!"

Nicanor alishika ukingo wa pipa. Jana walikuwa karibu kumzika mzima. Na kama angekufa, kosa lingekuwa la kijiko chake na haraka yake, si la udongo wa Lambwe. Akaomba beleshi dogo la jikoni liondolewe mbele yake, pamoja na vijiko vyote.

Kisha akangoja. Mtu ambaye hangoji aliketi kila jioni kando ya pipa, mikono magotini, bila kugonga. Jerusha alipita akamwambia subira yavuta heri, naye akaitikia bila kuinua macho. Aliona udongo mpya ukitolewa kidogo kidogo, kazi ya miguu saba mizima. Usiku wa kwanza hakulala, wa pili alilala kidogo. Alikuwa na hofu, na hakuificha.

Jumamosi ya pili Celestine alipokuja, Nicanor alijitia moyo akagonga kwa ukucha mara mbili, taratibu. Kimya. Celestine aliona mkono wake ukiinuka ugonge tena, kisha ukashuka, ukatulia juu ya goti.

Nyar Lambwe akachomoka. Alisimama juu ya mguu wake uliopinda, akaonyesha meno mapya meusi, akakipiga kijiti cha maji, ambacho Nicanor alikishika kwa mkono wa pili, kwa nguvu mpaka kikamtoka. Celestine alikuwa tayari juu ya kiti.

"Baba, hajakusamehe!"

Nicanor alikuwa akipangusa macho kwa mkono wa shati.

"Asinisamehe, nyathina," akasema. "Bora amejibu."