Bandeji ya Kichwa Kisicho na Kidonda

Yule muuza nguo za balo wa soko la Kikula amefariki. Ninyi wa Likasi mnaosoma safu hii hamhitaji jina lake: ni yule aliyekuwa na bandeji kichwani. Malaria ndiyo iliyomchukua, na kichwa hakikuhusika hata kidogo. Nasema haya mapema kwa sababu kwenye matanga nilimsikia shemeji yake akiwaeleza watu kwamba kile kidonda cha zamani kilifunguka, na kwamba alikuwa amekiona kwa macho yake mwenyewe. Kidonda hakikuwepo kamwe. Bandeji niliinunua mimi, na mimi ndiye niliyeifunga.

Mimi shule niliiacha bado nahesabu kwa vidole, na leo duka langu la vifaa vya ujenzi linajulikana mpaka Kambove, kwa hiyo mtu asishangae wazo zuri likitoka kwangu. Meza ya marehemu ilikuwa mbele ya mlango wangu. Siku moja, lori likishushwa mzigo, balo zima la mitumba lilimwangukia kichwani. Alilala chini kidogo, akaamka, akawa anauliza na kurudia kuuliza leo ni siku gani. Damu haikutoka, na soko likacheka sana kwamba mtu amepigwa na nguo. Lakini balo lililokazwa kwa mikanda ni gumu kama mawe ya Kakontwe. Daktari wa kliniki alimweleza kwamba ubongo umetikisika: apumzike siku chache, akwepe kelele na mwanga mkali, halafu arudi kazini pole pole, na kichwa kikianza kugonga aache kwanza. Wengi hupona upesi, alisema, wengine dalili huwakalia muda mrefu. Ushauri mzuri sana kwa mtu anayekula kwa kupiga makelele juani.

Aliporudi sokoni, jua lilimchoma macho na muziki wa wauza simu ulimfanya ashike kichwa kwa mikono miwili. Alisahau bei aliyotoka kuitaja, akawagombeza wateja, yeye aliyekuwa mtu wa utani. Shemeji yake, waliyeshirikiana naye kwenye meza ile, alichoka. "Shemeji, minye nakuangalia kichwa yote, sioni kitu," alimwambia mbele ya watu. "Weye iko na uvivu tu." Akaanza kumwendea mwenyekiti wa soko ili meza iandikwe kwa jina lake, na meza ile ndiyo iliyolisha nyumba nzima ya marehemu. Hapo nikatuma mtu famasi. Nilimfunga kichwa mpaka juu ya masikio, bila ubahili, kama mtu aliyetoka vitani. Mke wake alinung'unika kwamba imezidi. Nilimjibu kwamba katika biashara kitu lazima kionekane.

Kesho yake shemeji alitembea kwa vidole vya miguu. Mwenyekiti alikuja kutoa pole kwa sauti ya kanisani, wauza simu wakashusha muziki, mtu akaleta turubai la kivuli, na habari ya kubadilisha jina la meza ikafa. Yote aliyoagiza daktari, kitambaa kiliyatekeleza. Marehemu akawa anauza asubuhi tu, kisha mpaka mchana, akipumzika nyuma ya mabalo kichwa kilipogonga. Kizunguzungu kikaisha, usingizi ukarudi. Maumivu ya alasiri na kusahau majina vikabaki. Kila alipoivua bandeji, watu walimpongeza kwa kupona na kumwita aje abebe mzigo. Kesho yake aliifunga tena. Hivyo ikapita miaka. Mke wake alimshonea ya pili, nyeupe zaidi, ya Jumapili.

Basi siku moja alikuja mama wa maharage, wa meza ya tatu kutoka kwetu. Mume wake alikuwa amefukiwa na udongo kwenye mashimo ya madini ya Kambove, na matanga yalipokwisha alirudi kuuza, kila mtu akimsifu kwamba yuko na nguvu. Alisimama mbele ya marehemu, akasema taratibu, "Papa, unikopeshe yako. Na minye nipumzike kidogo."

Nilicheka. Marehemu hakucheka. Aliifungua bandeji kichwani mwake, akampa, na mama yule alikaa nyuma ya magunia yake mpaka jioni bila mtu kumsumbua. Marehemu alibaki kichwa wazi kwenye jua na kelele, na alasiri ile niliona uso wake umekuwa wa rangi ya majivu. Nilimwingiza dukani na kufunga mlango siku ya soko, jambo ambalo mimi, mfanyabiashara ninayejulikana, sijawahi kulifanya kwa ajili ya mtu yeyote.

Wateja waligonga, nikawaacha wagonge. Gizani mle, kati ya mabati na misumari, nilianza kuwahesabu wote wa soko letu ambao kitambaa kile kingewafaa, nikachoka kabla sijafika upande wa samaki. Kwa hiyo nawaambia ninyi mlio na meza na wafanyakazi: mtu akisema kichwa kinamuuma, mshushie muziki, mpe kivuli, mlindie nafasi yake. Msingoje mpaka muone damu.