Arobaini ya Mama Asiyezaa

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake ya sabuni, mwanangu. Nilikuwa nimejifunga kanga kiunoni, nataka kutoka kwenda kazini, na mtoto wa siku mbili amelala kitandani kwangu huko Bofu. Mavyaa yangu, mama mzazi wa mume wangu, akasimama mlangoni akaniziba njia.

"Wenda wapi, Mishi?"

"Kazini, mama. Nikikosa, msimamizi atanifukuza."

"Na mzazi wa siku mbili hutoka nje tangu lini?"

"Lakini mama, mie sikuzaa."

Neno hilo nimelisikia tena jana kinywani mwako, ndiyo maana nimekuita uketi hapa. Umepewa mtoto wa kulea kisheria. Serikali unayoisomeshea watoto imekupa likizo na mshahara wako, nawe wasema utarudi shuleni Jumatatu, watu wasije wakakucheka kwa kuwa hukuzaa. Basi nisikilize.

Mtoto yule alikuwa wa Riziki, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Riziki alifariki kwa uzazi alfajiri ya Idi, na mumewe alikuwa ametangulia. Mimi nilikuwa na miaka kadhaa ya ndoa na tumbo langu halijapata kushika kitu. Wanawake waliokuja kumwosha maiti walinipa mtoto nimshike kidogo. Mpaka leo hakuna aliyekuja kunidai. Tukamwita Mwanaidi.

Kazi yangu ilikuwa kufua mashuka katika hospitali ya serikali, ng'ambo ya feri. Mume wangu alikuwa kibarua bandarini, leo ana kazi, kesho hana, kwa hiyo mshahara wangu ndio uliotulisha. Uhuru ulikuwa unanukia na kila mtu alisema mambo yatabadilika. Lakini mwenye tumbo ndiye aliyepewa ruhusa. Mwenye mtoto bila tumbo hakuwa na jina popote. Nilikuwa nimeomba, msimamizi akanijibu, "Ruhusa ni ya aliyezaa, Mishi. Usipoonekana, nafasi yako ina wanaoingoja."

Nikamweleza mavyaa hayo yote pale mlangoni. Hakutikisika.

"Sikukuuliza kama umezaa. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Huyu keshapoteza mama mmoja. Wataka apoteze na wa pili kwa ajili ya mashuka?"

Akafunga mlango. Mavyaa yule hakubishiwa hata na majogoo yake, sembuse mimi.

Akaniweka ndani siku arobaini nzima. Alinikanda kwa maji moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akanifukiza udi, vile vile afanyiwavyo mzazi. Majirani wakapita wakicheka: "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Huyu akandwa uchungu gani?" Niliona haya nikajifunika uso. Mtoto alinyonyeshwa na jirani aliyekuwa na mtoto wake mchanga, lakini kila alipolia kabla jirani hajarudi, mavyaa alimleta kwangu.

"Mpe ziwa."

"Halina kitu, mama."

"Mpe tu."

Na huko kazini? Palikuwa na mwenzangu wa karoni, pale tulipofulia, Mama Kahindi, Mgiriama, mtu wa kanisa sana. Kila asubuhi msimamizi aliita majina yetu. Alipolifikia langu, Mama Kahindi, aliyekwisha kupata habari zangu, aliitika, "Abee!" Kisha wote wakagawana mashuka yangu, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Siku moja msimamizi aliinua kichwa akauliza, "Huyu Mishi ana sauti ngapi?" Wote wakajua kazi yangu imekwisha, na pengine zao pia. Yule bwana akaitazama kamba ya kuanikia, akaitazama tena. "Mwambieni Mishi mashuka yake yametakata," akasema, akaendelea kuita majina.

Kwa hiyo serikali ilinilipa likizo bila yenyewe kujua. Mungu atusamehe, kama kuna la kusamehewa.

Arobaini ilikuwa karibu kwisha. Asubuhi moja nikamtoa Mwanaidi kifuani, nikaona cheupe mdomoni mwake. Nikajibonyeza, likatoka tone la maziwa. Nikapiga ukelele. Mavyaa akaja mbio na mwiko mkononi, akatazama, mwiko ukamwanguka. Mwanamke yule mkali, ambaye hata mazikoni sikupata kumwona akilia, alisujudu pale pale sakafuni huku machozi yakimtoka.

"Wallahi, Mishi, Mungu amekujibu kwa mwili wako mwenyewe."

Hayakuwa maziwa mengi, na jirani aliendelea kutusaidia. Lakini yalikuwa yangu, na yalikuja kwa sababu nilikaa. Nimezeeka, na bado sijauzoea muujiza ule. Nikiusimulia mwili wanisisimka, tazama mkono huu.

Majuzi uliponisomea kwamba sasa sheria yampa likizo hata mama wa kulea, nilifumba macho ukadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa namsikia Mama Kahindi akiitika mahali pangu. Sijui kama yu hai aone kuwa sasa serikali yaitika yenyewe.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ichukue likizo yako yote, ufunge mlango, umkalie mwanao mpaka ajue harufu yako. Siwezi kukuahidi maziwa, hayo ni ya Mungu. Joto la kifua latosha. Wenye kucheka waache wacheke, kwani walionicheka mimi ndio waliopiga vigelegele harusini kwa Mwanaidi. Habari za aliyemzaa usimfiche. Mimi nilimpeleka Mwanaidi kaburini kwa Riziki tukamwombea pamoja. Ila "sikuzaa" lisiwe sababu ya kumwacha peke yake.

Mola akukuzie mtoto huyo katika afya na adabu, akufanyie wepesi, akulinde na vinywa vya watu. Na siku atakapoita "Mama!" kwa mara ya kwanza, akujaalie uwe karibu, uitike mwenyewe.