Nilipoishiwa Maneno kwa Mzee Damiani

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumatatu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika parokia moja hapa Ifakara. Nilikuwa nimetoka chuo cha makatekista, mmoja wa wanawake wachache waliosomea kazi hiyo, na niliamini kwamba mtu akiyajua mafundisho yake vizuri, yaliyobaki ni mepesi. Mwalimu Mkuu, yaani katekista aliyewasimamia wenzake wote parokiani, alinikabidhi watoto wa Komunyo ya Kwanza. Alikaa nyuma ya darasa akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniita pembeni.

"Febronia, umefundisha vizuri," alisema. "Ila umefundisha kama mtu aliye peke yake. Kabla hujafungua mdomo, mwombe Mungu, mwenye kazi."

Niliitikia kwa heshima. Moyoni nilidhani ni maneno ya wazee tu.

Kwa vijana msioijua kazi ilivyokuwa: padre alikuwa mmoja, na vigango, yale makanisa madogo ya vijijini, vilikuwa vingi na vimetawanyika bondeni. Padre akishaondoka kigangoni, huenda mvua zingeanza na kwisha kabla hajarudi. Siku zote hizo katekista ndiye aliyeongoza Ibada ya Neno, ambayo ni sala ya Jumapili pasipo misa. Ndiye aliyewafundisha wakatekumeni, watu wazima wanaojiandaa kubatizwa. Alitembelea wagonjwa, na alizika. Tulikwenda kwa baiskeli, na masika yakishika tulivua viatu na kuibeba baiskeli yenyewe. Tulilima mpunga kama watu wengine.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa upande wa Chita. Paroko wa huko, mtu mpole aliyezungumza kwa sauti ya chini, alinipa kigango ambacho watu walikuwa wamekiacha.

"Kuna mzee anaitwa Damiani," aliniambia. "Kanisa lile aliliezeka kwa mikono yake. Sasa hakanyagi, na jirani zake wengi wamemfuata. Nenda ukamsalimie."

"Nimwambie nini, Padre?"

"Sijui. Mimi alinifungia mlango."

Habari yenyewe niliipata kijijini. Binti yake, Apolonia, alifariki akijifungua, akaacha mtoto mchanga wa kike. Apolonia alikuwa akiishi na mwanamume bila ndoa ya kanisani. Mwenyekiti wa kigango, ambaye ndiye kiongozi wa waumini, pamoja na katekista aliyenitangulia, walikataa kuongoza mazishi wakisema utaratibu hauruhusu. Paroko alikuwa safarini. Mzee akamzika mwanawe mwenyewe, bila sala. Nilipofika mimi, yule mtoto alikuwa ameanza kutembea, naye hajabatizwa.

Nilijiandaa sana. Nilichagua masomo ya Maandiko, nikayapanga kichwani njia nzima. Nilimkuta Mzee Damiani shambani, amekaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti wanamokaa kufukuza ndege mpunga unapokaribia kuiva. Mkewe alikuwa chini na mjukuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu mpya."

"Ndiye mimi. Nimekuja kukusalimia."

"Umeshanisalimia." Alirusha jiwe kwa kombeo, kundi la ndege likainuka. "Kama umekuja na Mungu, mwambie kwanza mwanangu amelala kule bila hata sala moja. Akikujibu, uje uniambie."

Nilifungua mdomo, na yote niliyoyapanga yakatoweka. Kila neno nililolifikiria lilikuwa la kumwumiza. Nilisimama pale jua likinichoma, nikasema kimoyomoyo: Bwana, sina la kumwambia. Kama unalo, nipe.

Sikusikia sauti yoyote. Nilijikuta tu nauliza, "Kaburi lake liko wapi, mzee?"

Aliweka kombeo chini. Kisha akashuka.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limepaliliwa likawa safi. Nilipiga magoti nikaanza sala za mazishi, zote, kuanzia mwanzo. Mama yake Apolonia alipiga magoti kando yangu akalia kwa sauti, kilio kilichokuwa kimekaa ndani muda mrefu. Mzee alisimama, kofia mkononi, midomo ikifuatisha Baba Yetu. Tulipofika mahali pa kuwasamehe waliotukosea, alinyamaza.

"Hapo, mwalimu, mimi bado," alisema.

"Basi hapo tutakusemea sisi, mzee, mpaka utakapoweza."

Mwenyekiti alipopata habari alikasirika. Alimfuata Paroko, akamweleza kwamba nimevunja utaratibu, na kwamba nisipoondolewa yeye atajiuzulu. Siku zile za kungoja nilikonda. Nilifungasha vitu vyangu, nikaendelea kuongoza sala kwa watu wachache waliokuja. Nilisali kwa kuogopa, na sikupata amani upesi kama vitabu vinavyosema.

Paroko alikuja kwa treni. Alituita mimi na Mwenyekiti.

"Febronia, nani alikuruhusu?"

"Hakuna, Padre. Niliishiwa maneno, nikamwomba Mungu."

Paroko akamgeukia Mwenyekiti. "Kumwombea marehemu hakuhitaji ruhusa ya mtu. Mimi ndiye niliyepaswa kwenda kaburini pale niliporudi safarini. Twendeni sote."

Mwenyekiti alitembea nyuma yetu kwa hatua za mtu mgonjwa. Alikuwa jirani wa Mzee Damiani tangu ujana, walihama pamoja kutoka Mahenge. Mbele ya lile kaburi, kabla Paroko hajaanza sala, alitangulia kusema.

"Damiani, nilijua ninakuumiza, na bado nikafanya. Nisamehe, ndugu yangu."

Mzee alivua kofia. Tulianza Baba Yetu, na tulipokaribia mahali pale pa kusamehe nilishusha sauti. Nilimsikia Mzee akisema maneno yale peke yake, polepole, kama anayenyanyua mzigo. Mwenyekiti akafunika uso kwa viganja.

Pasaka iliyofuata mtoto alibatizwa, kanisa limejaa hadi nje. Mkewe Mzee aliniomba niwe mama wa ubatizo.

Nilihudumu vigango vingine, chini ya maparoko wengine, hadi magoti yaliponikataza baiskeli. Sasa nimestaafu. Makatekista vijana huja nyumbani kuniuliza njia bora ya kufundisha, nami huwaambia wajiandae hadi waridhike, kwa kuwa uvivu si imani. Wapo pia niliowaombea miaka mingi na hawakurudi, na sijui kwa nini. Hilo nimemwachia mwenye kazi. Lakini nikikumbuka watu waliosogea kwa Mungu mbele ya macho yangu, karibu wote walisogea siku ambayo mimi sikuwa na la kusema.