Mtamba wa Mahari Langoni kwa Kinya

Kinya ni jirani yangu hapa Timau. Mumewe alipofariki alimwachia watoto na ng'ombe watatu. Wawili walikufa kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe. Aliyebaki ndiye anayewalisha. Tangu hapo Kinya humpulizia dawa kila wiki, ndani ya masikio, chini ya mkia, katikati ya kwato, wala hakubali ng'ombe mgeni amkaribie. Watu humwita Askari wa Kupe. Yeye huitika.

Mwezi uliopita bintiye, Kagwiria, aliletewa mahari kutoka Mikinduri, huko chini kwenye joto. Baba wa kijana, mzee Kaburu, alishuka kwenye lori na wazee wenzake, akivuta mtamba mweusi kwa kamba. Kinya alikuwa amesimama langoni. Mimi nilikuwa nyuma yake na pampu ya dawa mgongoni, natamani ardhi inimeze.

"Mtamba aoshwe kwanza," Kinya alisema.

"Muthoni wangu," Kaburu akajibu, kama mkwe anavyomwita mkwe mwenzake, "ng'ombe wa mahari hasimamishwi langoni. Ni mkosi. Na sisi hatuingii kabla yake."

"Basi simameni naye."

"Unataka tumrudishe?"

"Mrudishe. Ng'ombe wangu akifa, mkosi wako utakamuliwa maziwa?"

Mzee mmoja akamgusa Kaburu. "Wewe umepata mkwe ama kizuizi cha polisi?"

Kinya hakucheka. Alimshika mtamba, akaligeuza sikio. Kupe walijaa humo, wamevimba kama mbegu za mbarika.

"Tulikubaliana mtamba mmoja. Hawa wengine ni mahari ya nani?"

Wazee wakaangua kicheko. Kaburu alichungulia sikio lile, kisha akainama akachungulia miguu ya suruali yake.

"Leta hiyo dawa," akaniambia. "Lakini siingii kabla yake. Mila ni mila."

Nilimpulizia mtamba ng'ambo ya barabara. Wazee walikula mukimo pale langoni, wima, makoti yamefungwa hadi shingoni kwa baridi.

Mtamba alipokauka alitangulia kuingia, Kaburu nyuma yake. Kinya akaipokea kamba, akampitisha mbali na zizi, akamfunga peke yake mwisho wa shamba.

"Huko nako ni kuingia?" Kaburu akauliza.

"Kwangu ameingia," Kinya alisema. "Kwa ng'ombe wangu, bado."