Dashibodi Isiyo na Kitu Nyuma Yake

Mjini Marijampolė hakukuwa na mtu wa kuziba tundu la dashibodi kama Gintautas. Madereva teksi walimletea magari waliyoyatoboa kwa skrubu za vishikio vya simu. Wengine walileta mikwaruzo ya kucha za mbwa na alama za sigara. Alikata kingo zilizochanika, akajaza gundi laini, akapiga msasa, kisha akagandamiza juu yake kipande cha mpira chenye chapa ya mikunjo ya dashibodi ileile. Mwisho alichanganya rangi tone kwa tone, akapuliza. Ukipitisha kidole, hutahisi kitu.

Kazi moja tu hakuifanya. Gari likigonga, mfuko wa hewa unaomkinga abiria hufumuka na kupasua dashibodi mbele yake. Wachuuzi wa magari walitaka azibe mpasuko bila mfuko mpya kuwekwa, gari liuzwe kama zima. Gintautas aliwafukuza. Nao wakamsusia, wakahamishia hata mikwaruzo midogo kwa fundi mwingine ng'ambo ya mto.

Kufikia Novemba alikuwa akishinda gerejini akipiga msasa vipande vya plastiki visivyo vya mtu yeyote, mikono isije ikasahau. Mkewe, Bronė, alimfungia mkate mweusi na nyama ya moshi, naye mumewe mara nyingi alirudi navyo nyumbani kama vilivyo.

Ndipo mchuuzi Žilvinas alipoingia na gari dogo la kijani.

"Mzee Gintautas, bado upo?"

"Nani kakwambia nimekufa?"

"Gereji lako. Kimya kama kanisa Jumatatu."

Gintautas alichungulia ndani ya gari. Dashibodi ilikuwa imepasuka upande wa abiria kama mkate uliozidi hamira.

"Hiyo sifanyi. Unanijua."

"Sikiliza kwanza, mzee wangu. Mfuko umeshaagizwa. Jamaa yangu wa Kaunas atauweka. Wewe nitengenezee uso tu."

"Mfuko unatangulia, uso unafuata."

"Huyu jamaa anaupitishia chini ya dashibodi."

Gintautas alijua vizuri kwamba haupitishiki chini. Lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye mpasuko, unapapasa kingo, unapima.

Alifanya kazi siku tatu. Bronė alipomletea supu alimkuta anapiga mbinja, jambo ambalo hakuwa amelisikia tangu majira ya joto, akaona haya kumwuliza chochote. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Hata yeye, akifumba macho na kupapasa, hakupata mahali palipoanzia jeraha.

Baada ya wiki mbili aliliona gari lile limesimama mbele ya jengo analoishi. Danguolė, muuguzi wa ghorofa ya pili, alikuwa akifuta vioo. Mama yake, bibi Zita, alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani.

"Jirani, njoo uone!" Danguolė aliita. "Basi la asubuhi sasa nimeliaga. Mama nitampeleka kwenye mashine ya figo mwenyewe."

Gintautas alisogea karibu na mlango wa gari.

"Danguolė, hapo mbele ya mama hamna mfuko wa hewa."

"Nani kasema?"

"Ulishafumuka. Pameundwaundwa tu."

Danguolė aliinama, akapapasa dashibodi, akaikagua kutoka pembeni kama anayetafuta uzi katika kitambaa.

"Sioni kitu, jirani. Umekunywa?"

"Hutaona. Niruhusu nikate hapo, nikuonyeshe."

"Ukithubutu kuweka kisu humu naita polisi! Miaka minne nimezunguka vijijini kwa baiskeli nikidunga watu sindano, ndipo nimelipata hili. Na taa ya onyo ya mfuko mbona haiwaki?"

"Wameichezea. Ni kazi ndogo."

"Wewe umejuaje yote haya?"

Bibi Zita aligeuza kichwa dirishani. Gintautas alitazama viatu vyake.

"Niliyeziba ni mimi."

Danguolė alikunjua kitambaa, akakikunja tena.

"Basi ulijua," alisema polepole. "Ulikaa nalo, ukajua, ukaliachia."

Siku ileile Gintautas alimfuata Žilvinas kwenye soko la magari. Žilvinas alicheka, akamwambia mfuko wa Kaunas ulichelewa, na kwamba mnunuzi alikagua mwenyewe akaridhika.

"Tena aliisifu dashibodi, mzee. Hiyo ni sifa yako."

Gintautas alikwenda polisi, akaandika maelezo, akaweka jina lake chini. Afisa aliuliza nani alifanya ukarabati. Gintautas akaeleza. Afisa akauliza kama kuna ushahidi kwamba Žilvinas alimwagiza. Haukuwepo. Karatasi ikaingia katika jalada, na hakuna aliyemwita tena.

Alitaka kumnunulia Danguolė mfuko mpya. Danguolė hakumfungulia mlango. Lakini asubuhi moja Gintautas, akiwa kwenye ngazi, alimsikia akimbembeleza mama yake pale chini.

"Kaa nyuma, mama, nakuomba."

"Magoti hayakunjiki, mwanangu. Nyuma hapanitoshi."

"Leo tu, basi."

"Leo kwa nini? Gari si zima?"

Danguolė alimfunga mama mkanda kiti cha mbele, akauvuta mara mbili kuhakikisha, akazunguka upande wake. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa na barafu. Gari likaondoka taratibu sana, taratibu kuliko inavyohitajika, na magari ya nyuma yakaanza kulipigia honi.